Nyumba ya siku saba: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa televisheni na wadhamini wao

Ndugu wakurugenzi wa vituo vya televisheni, ndugu waandaaji wa vipindi, na ninyi wa kampuni za saruji, rangi, marumaru na simu mnaotoa udhamini,

Salaam. Barua hii inahusu vipindi vya kukarabati au kujenga upya nyumba za familia zenye shida. Mnavijua kuliko sisi: Jumatatu mama mjane anaonyeshwa akikinga maji ya mvua kwa sufuria, katikati ya wiki uwanja umejaa mafundi waliovaa fulana za mdhamini, Jumapili kitambaa kinafunguliwa machoni, watu wanalia, funguo zinakabidhiwa. Sisi ni mafundi waashi, mafundi umeme na bomba, wakadiriaji majenzi na maafisa ustawi wa jamii. Hatuandiki kuwazuia. Nyumba isiyovuja ni msaada mkubwa, na hatukubaliani na wanaodai kuwa kila maskini angepewa tu fedha taslimu mambo yakaisha. Tunachosema ni kwamba kwa jinsi vipindi hivi vinavyopangwa sasa, familia mara nyingi hupewa nyumba iliyojengwa haraka kuliko saruji inavyoweza kukomaa, yenye gharama za mwezi isizozimudu, juu ya kiwanja kisicho chake. Yote matatu yanarekebishika, tena kwa gharama ndogo kuliko ya seti moja ya sofa.

Tuanze na hizo siku saba. Ratiba hiyo haikuzaliwa hapa. Imetoka Marekani, ambako kipindi maarufu kuliko vyote kilikuwa Extreme Makeover: Home Edition cha televisheni ya ABC, kilichorushwa kuanzia 2003 hadi 2012. Kilijenga nyumba nzima ndani ya wiki moja huku familia imepelekwa mapumzikoni. Nyumba ya kawaida ya Marekani ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bodi: msingi ukishamwagwa na kushika, kuta husimamishwa kwa misumari, ndani hupigiliwa bodi za jipsamu, nje mbao au plastiki. Ni kazi kavu. Ukiwa na mafundi wengi wanaopokezana usiku na mchana, inakwisha. Nyumba yetu ni tofali za saruji, jamvi la zege chini ya sakafu, lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na lipu ya kusawazisha kuta. Ni kazi ya maji kuanzia chini hadi juu, na saruji haiongezi mwendo kwa sababu mafundi wameongezwa. Tumechukua ratiba ya mbao tukaibandika kwenye nyumba ya zege.

Hesabu yenyewe ni hii. Zege la mchanganyiko wa 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto, hupimwa nguvu yake siku ya 28. Siku ya tatu huwa halijafika nusu. Siku ya saba, kama limemwagiliwa maji vizuri, limefika theluthi mbili hivi. Mirunda inayoshikilia lenta juu ya mlango au dirisha pana inatakiwa ikae wiki mbili. Kwenye kipindi cha siku saba lenta humwagwa Jumatano usiku, Ijumaa asubuhi mirunda imeshatolewa kwa sababu mpiga picha anataka kupita, na kufika jioni kenchi, yaani fremu za mbao za paa, na bati zimekaa juu yake. Haianguki siku hiyo. Baadaye, kamera zikiwa mkoa mwingine, hutokea ufa kwenye kona ya mlango ukapanda mshazari kuelekea paa, mlango ukagoma kufunga, na fundi seremala wa mtaani akaitwa kuuranda. Anauranda. Mvua inayofuata unagoma tena, kwa sababu kilichoshuka ni lenta.

Tofali nazo zina yake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hadi 35 za inchi sita, hizo ni tofali za kubeba nyumba. Wafyatuaji wengi wa barabarani huuvuta mfuko huo hadi 50 na kuendelea. Tofali jipya linatakiwa limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, liwe limefunikwa lisipigwe na jua, kisha lipumzike wiki mbili au tatu kabla ya kujengewa. Ukuta wa mita moja ya mraba hula tofali kumi, hivyo nyumba ya vyumba viwili na sebule itakula kama 1,200. Ni nadra mfyatuaji kuwa na tofali 1,200 zilizokomaa zinazokusubiri wewe; zile zinazoletwa na lori Jumatatu usiku kwa simu ya dharura kwa kawaida zilifyatuliwa Ijumaa. Chukua moja, liachie kutoka usawa wa kiuno lidondoke kwenye udongo mgumu. Likisambaratika, rudisheni lori lote.

Lakini kinachoumbua kipindi mapema kuliko vyote ni rangi.

Lipu mpya imebeba maji mengi, na huhitaji wiki nne hivi kukauka kabla ya kupakwa rangi. Msimu wa masika inataka zaidi. Mkiipaka siku ya pili, tena ile rangi ya kung'aa ambayo mdhamini anapenda ionekane, mmeyafungia maji ndani. Rudini baada ya miezi miwili, mchuchumae kwenye ukuta wa sebule chini ya dirisha, usawa wa goti. Mtaona malengelenge yenye ukubwa wa sarafu. Bonyezeni moja kwa kidole: linapasuka, linatoa jasho, na nyuma yake kuna unga mweupe. Ni chumvi, imesafiri na maji kutoka kwenye saruji na mchanga. Kama mchanga ulichotwa karibu na bahari, unga huo utatoka miaka. Mara nyingi pia nailoni nzito ya kuzuia unyevu haikutandazwa chini ya jamvi wala juu ya ukuta wa msingi, kwa sababu haionekani na hakuna kampuni ya nailoni iliyodhamini, kwa hiyo maji ya ardhini nayo yanapanda kujiunga na ya lipu. Mama mwenye nyumba hupangusa kwa kitambaa, unga unarudi, mwishowe anasogeza kabati pale. Funika kombe mwanaharamu apite, ila huyu hapiti, amehamia.

Kuna pia nyumba ambazo mnaamua kuzikarabati badala ya kuzibomoa, na ni za miti na udongo. Hapa kosa la kawaida ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ili uonekane wa kisasa. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Saruji haifuati mwendo huo. Lipu inapata nyufa nyembamba, maji yanaingia na hayana pa kutokea, fito zinaoza, na mchwa wanapanda gizani nyuma ya lipu ambako hakuna mtu wa kuwaona. Baada ya masika mbili lipu inabanduka kwa mapande, ikishuka na udongo wake. Ukuta ambao ungeishi miaka kwa kukandikwa upya kila kiangazi umeuawa na ukarabati. Kinachofaa ni kuanza na paa: upenu utokeze sentimita 60 au zaidi ili mvua isipige ukuta, tako la ukuta lizungushiwe mawe au tofali kwa kimo cha sentimita 30 juu ya ardhi, uchimbwe mfereji wa kupeleka maji mbali, na lipu iwe ya udongo uliochanganywa na chokaa. Tunajua haing'ai kwenye skrini kama marumaru.

Tuje kwenye gharama za mwezi, ambako hesabu inashangaza zaidi.

Familia iliyokuwa na taa tatu, redio, runinga ndogo na chaji ya simu hutumia kama uniti 13 za umeme kwa mwezi. Kwa bei za TANESCO, shirika la umeme, zilizopitishwa na mdhibiti wake EWURA mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, yule wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo inakuwa 122. Familia hii basi ilikuwa inalipa kama 1,600. Sasa mnaiachia taa nane, runinga kubwa, friji, na heta ya bafuni ya kilowati 5. Friji itakula uniti 30 hivi kwa mwezi, runinga 15, taa 11. Heta, watu watano wakioga dakika tano kila mmoja, itakula uniti 62. Jumla 118. Familia inatoka D1 na kuhamia kundi la matumizi makubwa zaidi, T1, ambako uniti ni shilingi 292, yaani 356 na kodi zake. Bili inakuwa kama shilingi 42,000. Kwa mama anayeuza maandazi, hiyo ni faida ya siku kadhaa imeingia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Sasa ondoeni heta peke yake. Zinabaki uniti 56, familia inabaki D1, na bili ni chini ya shilingi 7,000. Kifaa kimoja kinachowekwa ili mtangazaji afungue bomba na kusema "maji ya moto!" ndicho kinachobeba shilingi 35,000 za kila mwezi. Friji tungeliacha; linaweza kuuza barafu na juisi. Heta ina ubaya mwingine: fundi mwenye haraka huiunganisha kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, wakati mzigo wa kilowati 5 unataka waya wa 4 au 6, breka yake peke yake, na ethi (waya wa ardhini) iliyochimbiwa kweli. Bafu lenye maji, heta isiyo na ethi na watoto ni kitu ambacho hatupendi hata kukiandika.

Kwenye nyumba za mjini kuna pia kodi ya jengo inayokatwa humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Sheria inatoa msamaha kwa nyumba anayoishi mzee wa miaka 60 na kuendelea au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, lakini msamaha haumfuati mtu nyumbani; lazima uombwe. Katika timu yenu ya watu arobaini, mmoja anaweza kutumwa halmashauri na nakala za vitambulisho.

Choo cha kuvuta nacho kinafuata mkondo huo. Tangi lake humwaga lita sita kwa mvuto mmoja. Watu sita wakienda mara nne kwa siku ni lita 144, yaani ndoo saba za lita 20, kila siku, katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa ndoo. Hakuna anayenunua ndoo saba za kumwaga chooni. Ndani ya mwezi familia inarudi kwenye choo cha nje, kama hamkukivunja kupata nafasi ya bustani. Mahali pasipo na maji ya bomba ya uhakika, wekeni choo cha kumwagia kwa kopo chenye sinki lenye mfuniko wa kujifunga; kinatosheka na lita moja au mbili. Shimo lake liwe mita 30 kutoka kisima chochote, chenu au cha jirani, na kitako chake kisifike kwenye maji ya ardhini. Kwenye maeneo ya bondeni ya Dar es Salaam ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji, hiyo ina maana ya kuinua choo juu na kupanda ngazi. Heri ngazi.

Na kama mnataka kitu cha kufungua bomba mbele ya kamera, fungeni gata, mfereji wa kukinga maji ya paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, kwa mvua ya Dar ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, huvuna karibu lita 48,000 hata ukitoa moja ya tano inayopotea. Gata, bomba la kushushia, kichujio cha wavu na tangi la lita 2,000 juu ya jukwaa la tofali. Hapo mmeipunguzia familia gharama badala ya kuiongezea, na maji ya paa hayachimbi tena tako la ukuta.

Hayo yote ya saruji na waya yanarekebishika hata kwa kuchelewa. Ardhi hairekebishiki nyumba ikishajengwa.

Kisheria jengo hufuata kiwanja. Ukijenga nyumba ya milioni arobaini kwenye kiwanja cha mtu mwingine, umempa yeye zawadi, na aliyekabidhiwa funguo kwenye televisheni ni mpangaji asiye na mkataba. Wengi wa walengwa wenu ni wajane, na wajane wengi wanaishi kwenye kiwanja cha marehemu mume au cha baba mkwe ambacho mirathi yake haijafunguliwa. Tamko la Sheria za Mila la 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, iliamua kuwa Tanzania imekiuka haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa sheria za namna hiyo, ikaitaka izirekebishe. Kwa Waislamu mjane mwenye watoto ana thumuni, moja ya nane, na sehemu iliyobaki ni ya warithi wengine. Katika hali zote hizo, kibanda kilichokuwa kinavuja hakikuwa na mgombea. Nyumba ya vigae na geti jeusi inao. Mashemeji waliokuwa hawapiti hapo miaka sita wanaanza kupita Jumatatu, siku moja baada ya kipindi kurushwa, na wanapita na maswali.

Waandaaji wengi hutuonyesha barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama uthibitisho. Barua hiyo inasema mtu anaishi pale. Haisemi anamiliki. Kinachotakiwa kabla ya fundi yeyote kugusa koleo ni mirathi kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi kuteuliwa, warithi kukubaliana kwa maandishi mbele ya mahakama kwamba kiwanja kinakwenda kwa mjane na watoto, kisha jina kubadilishwa kwenye hati. Kama ni kijijini, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na jina la mama liandikwe pamoja na ya watoto. Kama ni mtaa usiopimwa mjini, ombeni leseni ya makazi. Inachukua miezi, ndiyo, na ndiyo sababu ianze kabla ya uchaguzi wa rangi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huifanya kazi hii bila malipo. Na kama ndugu hawakubaliani, jengeni mahali pengine au chagueni familia nyingine. Kujenga juu ya ugomvi ni kuuwekea ugomvi paa.

Kabla hamjaondoka halmashauri, ulizieni pia kama kiwanja kimo kwenye hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, au kwenye bonde. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilivunjwa. Alama ya X inayochorwa kwenye nyumba ya kuvunjwa haiulizi nani alidhamini marumaru. Kibali cha ujenzi kiwepo. Tumeona vipindi ambavyo kibao cha mdhamini kipo barabarani na kibao cha kibali hakipo popote.

Jambo la TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni dogo kwenu na kubwa kwa familia. Katika kuchuja kaya maskini, hali ya nyumba ni miongoni mwa vinavyotazamwa: sakafu, kuta, paa. Kaya iliyopewa marumaru na dari la jipsamu bila kipato kuongezeka hata shilingi inaonekana imetoka kwenye umaskini. Afisa ustawi wa jamii wa kata akishirikishwa mapema anaweza kuandika kwenye jalada kwamba nyumba ni ya msaada na kipato ni kile kile. Asiposhirikishwa, anayehakiki ataandika anachokiona.

Huko ratiba ilikotoka, madeni yaliwafikia watu kwa njia yao. Kodi ya nyumba Marekani hukadiriwa kwa thamani ya nyumba, hivyo nyumba ikikua, kodi na bili za umeme zinakua nayo. Familia moja ya jimbo la Georgia iliiweka nyumba yake ya televisheni dhamana ya mkopo wa dola 450,000, na mwaka 2008 ikatangazwa kunadiwa. Hapa kwetu hakuna benki itakayompa muuza maandazi fedha za namna hiyo. Wapo wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa. Wanatazama televisheni pia, na wakiona nyumba yenye hati mpya wanafika na daftari. Hati yenye majina ya mama na watoto pamoja ni ngumu zaidi kuipokea kama dhamana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiandika hivyo.

Ndugu wadhamini, sehemu ya kasoro hizi inatoka kwenu. Mnatoa bidhaa, si fedha, na bidhaa hufuata kamera. Kampuni ya marumaru inaleta marumaru za chumba hadi uani, kampuni ya rangi inaleta rangi, ya magodoro inaleta magodoro. Hakuna kampuni ya mifereji. Hakuna mdhamini wa mirathi. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa na dari la jipsamu lenye taa za kujificha, na juu ya dari hilo bati za geji 32, nyembamba kama robo ya milimita, zimepigiliwa misumari bondeni badala ya mgongoni mwa bati, kwenye mji wa pwani ambako chumvi itazitoboa upesi. Tone la kwanza likipita, jipsamu hunywa maji, hutumbukia katikati kama tumbo, kisha hudondoka. Geji 28 yenye mpako wa aluminiamu na zinki, misumari ya mpira kwenye mgongo wa bati, kenchi za mbao za dawa zilizofungwa kwa pasi za chuma zilizolala ndani ya zege la lenta: wekeni hivyo hata kama dari halitakuwepo mwaka huu. Dari familia inaweza kuongeza. Paa haiwezi.

Neno moja kuhusu nyuso za watoto. Picha ya mtoto akiwa kwenye shuka lililolowa itabaki mtandaoni hadi anaingia sekondari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa, na ridhaa ya mama anayesubiri nyumba ni ridhaa ya mtu asiye na pa kukataa. Onyesheni paa linalovuja. Paa halina wanafunzi wenzake.

Tunachopendekeza hakiui kipindi chenu. Gaweni kazi ya maji na kazi kavu. Mwezi wa kwanza ni wa makaratasi na kuagiza tofali ili zikomae. Mwezi wa pili ni msingi, jamvi, kuta, lenta, na mirunda ikae siku zake 14. Mpige picha siku mbili tu, ya kumwaga zege na ya kupandisha kenchi. Kisha bati, lipu, na mwezi wa tatu wote nyumba ikauke, madirisha yakiwa wazi, mtu mmoja akilipwa kumwagilia zege na lipu siku saba za mwanzo. Ndipo mje na wiki yenu: rangi, milango, nyaya na taa, gata, tangi, sinki la choo, vitanda, machozi. Siku saba zinatosha kabisa kwa kazi hiyo, na kwenye uhariri mtazamaji hatajua zege lilimwagwa lini.

Zuieni pia sehemu ya fedha. Katika mikataba ya ujenzi ya serikali na ya kampuni zenu wenyewe, mkandarasi hukatwa asilimia fulani inayoshikiliwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kipite, mara nyingi mwaka mmoja. Ghala la mdhamini likipata ufa, mkandarasi anarudi kwa sababu fedha yake iko kwenu. Mjane ndiye mteja pekee wa ujenzi asiye na kipindi hicho. Shikilieni asilimia tano ya gharama zote, kwa thamani ya vifaa pia, na mrudi mara moja baada ya masika na mara moja baada ya vuli. Atakayekagua apande darini mchana wa jua kutazama mwanga unaopenya, afungue na kufunga kila mlango na dirisha, apitishe kiganja kwenye kuta zote usawa wa goti, afunue kila chemba, asome mita ya LUKU na kuuliza vocha ya mwisho ilikuwa ya shilingi ngapi, kisha aombe kuiona hati na kusoma jina lililoandikwa. Mkaguzi akiwa na kamera, sawa. Hicho kingekuwa kipindi ambacho mafundi wote nchini wangekitazama.

Tuko tayari kukagua bila malipo kiwanja, mchoro na orodha ya vifaa vya nyumba yoyote kabla hamjapiga picha ya kwanza. Tupeni taarifa ya wiki mbili, nakala ya hati, na ngazi ya kupandia.

Wenu,
Mafundi, wakadiriaji majenzi na maafisa ustawi wa jamii
Dar es Salaam